SOMO LA MWEZI: MAZOEZI YA MWILI NA MAZOEZI YA UTAUWA

Soma kwanza: 1 Wakorintho 9:24-27; 1 Timotheo 4:7-8; Waebrania 12:1-13; Yeremia 29:4-7



Somo la mwezi huu limetokana na swali linalorudi mara kwa mara katika vikao vya wazee wa kanisa. Vijana wetu wanacheza mpira. Wanacheza asubuhi, wanacheza jioni, na Jumapili nyingine mechi inaanza kabla mhubiri hajasema Amina. Wazee wengine wanasema mpira ni mambo ya dunia, tena wanatoa andiko: Paulo alimwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo tu. Basi wazee wanafunga Biblia, vijana wanafunga kamba za viatu (wale walio na viatu), na kila upande unakwenda zake.

Naomba tuifungue tena Biblia hiyo. Paulo hakusema kwamba mazoezi ya mwili hayafai. Alisema yanafaa kwa kiasi, akayalinganisha na utauwa, ambao faida yake ni ya maisha haya na ya yale yajayo pia. Halafu angalieni neno alilotumia alipomwambia Timotheo ajizoeze. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba kwa Kigiriki neno hilo ni la uwanjani kabisa. Ndilo lililozaa neno jimu, wanalotumia watu wa mjini kwa mahali pa kunyanyua vyuma. Kwa hiyo mtume hakuwafukuza wanamichezo. Aliwasimamisha mbele ya kanisa ili tujifunze kwao.

Swali basi si kama mpira ni dhambi. Swali ni kwa nini kijana anayeweza kuzunguka uwanja mara kumi bila kulazimishwa na mtu, anashindwa kusoma sura moja ya Injili ya Marko bila kusinzia. Na mzee anayemlaumu, yeye amejizoeza katika nini mwaka huu?

PAULO ALIONA NINI KORINTHO?

Karibu na mji wa Korintho palikuwa na mahali panapoitwa Isthmia. Kila baada ya miaka 2 watu walikusanyika hapo kwa michezo mikubwa: mbio, mieleka, ngumi, mashindano ya magari ya farasi. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu (Matendo 18:11), akifanya kazi ya kushona mahema. Sisi tulioishi chini ya turubai tunajua kazi ya fundi kama huyo. Watu wa Korintho walipopata barua yake hawakuhitaji kuelezwa uwanja ni nini.

Mshindi wa Isthmia alivikwa taji la majani: majani ya msonobari, na nyakati nyingine majani makavu ya mboga. Mboga, wapendwa! Baada ya siku chache taji hilo lilikuwa limekwisha kunyauka. Lakini kwa ajili yake mtu aliacha pombe, akaacha kula ovyo, akalala mapema, akaamka mapema. Kule Olimpia, penye michezo mikubwa zaidi, wanariadha waliapa kwamba wamefuata mazoezi kwa miezi 10 mfululizo. Asiyejizoeza hakuwa na nafasi ya kusimama pale.

Paulo anauliza kitu kimoja tu. Kama hawa wanaweza kujizuia katika mambo yote kwa ajili ya majani, sisi tunaotazamia taji lisiloharibika tunajizuia katika nini? Wakristo wengi, nasema kwa upendo, ni washabiki wa Yesu. Wamejaa kwenye kibanda cha video, wanajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal na Manchester, wanabeti fedha ambayo mama alikusudia kununulia sabuni, lakini wao wenyewe hawajagusa mpira. Ndivyo ilivyo hata kanisani. Tunajua ni kwaya ipi iliimba vizuri na mhubiri yupi ana moto, na goti letu wenyewe halijagusa sakafu tangu Jumapili iliyopita.

KUNGOJA SI MAZOEZI

Hapa ndipo penye shida yetu sisi wakimbizi, na hapa nataka tukae kidogo.

Maisha yetu yamejaa kungoja. Tunangoja mgao, tunangoja kuitwa ofisini, tunangoja amani nyumbani, tunangoja jina kutoka kwenye orodha ya nchi ya tatu. Mtu akingoja miaka mingi anaanza kuamini kwamba maisha yenyewe hayajaanza. "Nitaanza kumtumikia Mungu nikifika Marekani." "Nitafunga ndoa kanisani tukirudi nyumbani." "Watoto watajifunza Neno tukipata mahali pa kutulia." Ni kama mchezaji anayekaa benchi amejifunika blanketi, akisema atafanya mazoezi siku kocha atakapomwita. Siku ikifika, pumzi hana.

Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kuuza vyombo vyao walibaki na mabegi yaliyofungwa. Mwezi Mei mwaka huohuo Shirika la Chakula Duniani lilikata msaada kwa wakimbizi wapatao milioni 1 hapa Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Sisemi haya ili kuongeza kidonda. Nayasema kwa sababu imani iliyotegemea orodha ilianguka pamoja na orodha, na mmeona wenyewe watu wazuri waliohamia kwenye waragi.

Israeli nao walihamishwa. Walipokuwa Babeli, nabii Hanania alitabiri kwamba ndani ya miaka 2 yote yatakwisha (Yeremia 28). Watu walimpenda sana Hanania, kama tunavyompenda mtu yeyote anayeleta habari nzuri kutoka ofisini. Yeremia aliandika barua tofauti. Aliwaambia wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuozesha, wauombee heri mji ule waliopelekwa, kwa maana muda utakuwa miaka 70. Barua ile haikuua tumaini. Iliwatoa benchi.

Tena mtazameni Danieli katika mji uleule wa ugenini. Sheria ilipotolewa ya kukataza maombi, alipanda chumbani kwake akaomba mara 3 kwa siku, kama alivyokuwa akifanya siku zote (Danieli 6:10). Maneno hayo ya mwisho ndiyo siri. Danieli hakuanza kuomba siku ya simba. Siku ya simba ilimkuta katikati ya mazoezi.

Mfano wa siku zetu uko karibu. Kambi ya Kakuma kule Kenya ilianzishwa mwaka 1992, na wengi wenu mnaosoma Kiswahili hiki mlijifunzia huko. Mwaka 2015 taasisi ya mkimbiaji Mkenya Tegla Loroupe ilifanya mbio za kuchagua vijana kambini, na waliochaguliwa wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi. Walifanya mazoezi bila kujua nani atachukuliwa. Katika dunia nzima wakimbizi 43 walikuwa wakifikiriwa, na mwezi Juni 2016 yalitajwa majina 10 tu. Watano walikuwa wakimbiaji kutoka Sudani Kusini waliotoka Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Yiech Pur Biel na Paulo Amotun Lokoro. Dada yetu Rose ndiye aliyebeba bendera walipoingia uwanjani Rio de Janeiro.

Hakuna hata mmoja wa hao watano aliyevuka raundi ya kwanza. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu mahubiri mengi hupenda kumalizia na medali. Hawa walirudi bila medali. Na walipokimbia hawakuwa wameacha kuwa wakimbizi. Kadi zao zilikuwa kama zetu. Lakini hakuna aliyengoja kwanza awe raia wa nchi fulani ndipo aanze kuamka alfajiri.

MZUNGUKO WA MWISHO

Waganda wenyeji wetu wanamfahamu Joshua Cheptegei wa Kapchorwa. Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, Kampala. Cheptegei aliongoza mbele ya watu wa nchi yake wakishangilia. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia. Miguu ikaanza kuyumba. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita na kushinda, halafu wakampita wengine, na wengine tena. Alimaliza wa 30.

Alimaliza. Angeweza kuketi kwenye nyasi na hakuna ambaye angemlaumu. Mwezi Agosti mwaka huohuo alipata medali ya fedha London katika mita 10,000. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, alishinda mashindano yaleyale ya nyika yaliyomwangusha Kololo. Ukafika mwaka 2020, ule wa korona, mashindano yakafungwa kila mahali. Mwaka kama huo mwanariadha mwingine angesema, nakimbilia nini? Yeye aliendelea na mazoezi nyumbani Uganda, na tarehe 14 Agosti, mashindano yalipofunguliwa, alikimbia mita 5,000 huko Monaco kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Alivunja rekodi ya Mwethiopia Kenenisa Bekele iliyokuwa imekaa miaka 16.

Kuna ndugu kati yetu walioanguka katika mzunguko wa mwisho mbele ya watu wote. Mwingine alikuwa kiongozi wa kwaya, akaanguka katika uzinzi. Mwingine alikuwa shemasi, pombe ikamshinda baada ya kufiwa. Sasa anapita nyuma ya kanisa ili asionekane. Mithali 24:16 inasema juu ya mwenye haki anayeanguka mara saba na kuinuka. Kanisa ambalo halimpi mtu nafasi ya kurudi mazoezini, hata kama kwa muda hatarudi mimbarani, linapaswa kusoma sura hiyo upya.

MIZIGO

Waebrania 12 inasema mkimbiaji huweka kando kila mzigo. Hapo namkumbuka John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda. Mazoezini alikuwa akiruka viunzi huku amevaa fulana nzito iliyotiwa uzito. Siku ya mashindano huko Munich, tarehe 2 Septemba 1972, aliivua. Alikimbia katika njia ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huiona ngumu kwa sababu ya kona zake kali, akamaliza mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Miaka 7 baadaye, vita vya 1979 vilipoingia, bingwa huyo akawa mkimbizi kule Kenya kama wewe na mimi. Na wenyeji wetu wa West Nile, wengi wao miaka hiyo walikimbilia Sudani na Zaire. Wanapotupa shamba la kulima, wanajua wanachokifanya.

Shida tunazozipitia huenda ni ile fulana ya mazoezi. Sitabishana na anayesema hivyo. Lakini kuna uzito mwingine ambao Bwana hakutuvika: kisasi tunachokisimulia watoto wetu usiku, majina ya makabila tunayoyataja kwa kutema mate. Huo tuuvue.

KURUDIWA NA KUPIGWA

Biblia yetu ya Kiswahili inasema Bwana humrudi yule ampendaye. Watoto wengi leo hawajui kwamba kumrudi mtu ni kumwongoza, kumkanya na kumrudisha njiani. Wanadhani ni fimbo tu, kwa sababu fimbo ndiyo wanayoijua.

Popole Misenga alizaliwa Bukavu. Vita vilimpokonya mama yake akiwa mtoto, akakulia Kinshasa katika nyumba ya watoto, na huko akajifunza judo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba walipokuwa wakishindwa, makocha waliwafungia siku kadhaa kwa chakula kidogo. Mwaka 2013 alipelekwa Rio kwenye mashindano ya dunia, akatoroka, akaomba hifadhi Brazili. Miaka 3 baadaye alirudi kwenye mkeka katika timu ya wakimbizi, na akashinda pambano lake la kwanza kabla ya kutolewa na bingwa wa dunia kutoka Korea Kusini.

Kama kufungiwa ndani na njaa ndiyo njia ya kumkuza mtu, kwa nini kijana huyo aliikimbia? Alikimbia ukatili, akaendelea kuipenda judo. Akina baba, tufikiri hapo. Kijana anaweza kuikimbia nyumba yako na kumkimbia Mungu wako kwa sababu ya jinsi ulivyomtendea kwa jina la nidhamu. Waebrania 12:11 inasema kurudiwa huzaa matunda ya amani. Kama nyumbani kwako matunda ni hofu na kimya, chunguza mti. Na mistari miwili inayofuata inazungumza juu ya magoti yaliyolegea, na kunyosha njia ili aliye kiwete apone badala ya kupotoka. Kocha mzuri humsawazishia njia anayechechemea.

NGUMI YA PAULO

Paulo anasema yeye ni mpiganaji asiyepiga hewa, anautesa mwili wake mwenyewe. Neno la Kigiriki hapo ni kupiga chini ya jicho, kama bondia. Jicho la nani? Lake mwenyewe, si la jirani.

Mwezi Septemba 2020, ugomvi wa vijana kwenye maji huko Rhino Camp uligeuka mapigano kati ya wakimbizi na wenyeji, na wakimbizi 10 waliuawa. Jerikeni ndiyo iliyoleta misiba hiyo. Kijana aliyejifunza kumwachia refa, hata refa akikosea, amejifunza kitu ambacho kingeweza kuokoa maisha kwenye bomba lile. Kwa sababu hiyo mimi siwezi kuwaambia vijana waache mpira. Nawaambia wazee waende uwanjani wakasimame pembeni, na vijana wapange mechi baada ya ibada. Mambo haya mawili yanawezekana wiki hii hii.

TUANZIE WAPI?

Mwanariadha haanzi na mita 10,000. Anza kidogo, lakini kila siku, na kwa saa ileile. Mama akienda kuchota maji, zaburi moja kichwani njiani. Familia isiyo na taa isome jua likiwa bado juu. Wasiojua kusoma wasimuliwe na mtoto aliye shuleni. Mtoto akisoma kwa kusitasita mbele ya baba yake, wote wawili wanafanya mazoezi.

Juu ya kufunga nina neno moja. Nyumba ambayo chakula kimekwisha haiko kwenye mfungo. Ina njaa, na mbele za Mungu njaa hiyo ni kazi ya kanisa. Anayetaka kujizuia ajizuie na anachokuwa nacho: waragi, kubeti, ulimi, simu usiku wa manane. Aliye na posho ya kutosha naye ajizuie na sahani ya pili, aipeleke kwa jirani.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni jambo gani la imani tunalolisubirisha mpaka tuondoke hapa? Litajeni kwa jina.

2. Watoto waulizwe, na wazazi wasikilize bila kuwakatiza: nyumbani kwetu nidhamu ni kurudiwa, au ni kupigwa?

3. Nani katika kanda yetu alianguka na sasa anapita nyuma ya kanisa? Nani kati yetu atakwenda kumtembelea kabla ya Jumapili, na siku gani?